Ramani ni ya Anayejua Kuisoma

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali mjini Tanga.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali sana na kazi zetu za kila siku. Jambo lenyewe ni namna wanasayansi wanavyochora ramani za miamba na madini ya Mwezi na sayari, hali vyombo vyao vinapita juu tu na haviikanyagi ardhi yake. Mimi si mwanasayansi. Ni mwandishi wa habari. Lakini kazi ya mwandishi ni kuuliza, na swali nililokuja nalo ni hili: mtu awezaje kujua kitu kimefanyika kwa nini, naye hajakishika mkononi?

Jibu la swali hili lipo hapa hapa Tanga. Mvuvi wa Sahare anapotoka na ngalawa yake asubuhi, hatii mguu majini ili ajue yuko juu ya nini. Huyatazama maji. Panapong'aa kijani cheupe, chini pana mchanga. Penye weusi uliotandaa, pana majani ya baharini. Penye rangi ya kahawia yenye mabaka, pana matumbawe, na hapo hujihadhari. Mwanga wa jua umeshuka, umegusa kilicho chini, kisha umerudi juu ukiwa umebadilika, na mvuvi amejifunza kuyasoma mabadiliko hayo. Kadhalika mama anayenunua nazi sokoni haipasui kwanza. Huigonga, huitikisa karibu na sikio, naye hujua kama ni koroma au ni nazi iliyokomaa. Ameuliza kwa kugonga, na nazi imemjibu.

Ndugu zangu, mbinu hizi mbili, ya mvuvi na ya mama wa sokoni, ndizo msingi wa elimu ninayotaka kuizungumzia. Tofauti ni kwamba badala ya jicho na sikio hutumika vyombo, na badala ya ngalawa hutumika setilaiti.

Elimu hiyo ina historia inayopita katika pwani yetu hii ya Waswahili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ndugu zetu wa Kenya walipokuwa wakiadhimisha miaka saba ya uhuru wao, roketi iliruka kutoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano na setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Mahali hapo palifaa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa Dunia yenyewe huipa roketi msukumo wa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Bibi Marjorie Townsend, Mmarekani aliyeusimamia mradi ule, aliipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili kwa kuwaenzi wenyeji wake. Aliiita Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, miali ya jamii ile ile itumikayo hospitalini kupiga picha za mifupa. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miali hiyo. Mtaalamu aliyeongoza kazi ile, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Lakini wengi hawajui kwamba safari ya Uhuru ilianzia kwenye swali juu ya Mwezi. Mwezi Juni 1962, Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka New Mexico, Marekani. Kusudi lao mojawapo kubwa lilikuwa kuona kama Mwezi, ukipigwa na eksirei za Jua, utarudisha eksirei zake wenyewe, ili kwa njia hiyo wajue udongo wake umefanyika kwa nini. Roketi ilikaa juu ya anga kwa dakika tano na ushei. Jibu la Mwezi lilikuwa dhaifu mno, hawakulipata. Badala yake vyombo vilinasa mng'aro mkali kutoka upande wa kundi la nyota liitwalo Nge, mbali kabisa nje ya jamii ya Jua letu. Hivyo ikazaliwa elimu mpya ya nyota, na miaka minane baadaye elimu hiyo ikaipeleka Uhuru angani kutoka pwani ya Afrika Mashariki.

Swali la Mwezi halikuachwa. Mwaka 1971 chombo cha Apollo 15, na mwaka 1972 Apollo 16, vilizunguka Mwezi vikiwa na kifaa cha kupimia eksirei, na wataalamu wa kampuni ile ile iliyotengeneza vyombo vya kupimia vya Uhuru walishiriki katika kazi hiyo. Safari hii Mwezi ulijibu.

Naomba nieleze kwa ufupi jibu hilo lilivyopatikana, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kila atomu ina elektroni zilizopangwa kwa ngazi. Eksirei ya Jua inapolipiga jiwe, huweza kuing'oa elektroni ya ngazi ya ndani. Elektroni ya ngazi ya juu hushuka kuijaza nafasi ile, na katika kushuka huko hutoa mwale wa eksirei wenye nguvu maalumu. Nguvu hiyo si sawa kwa elementi zote: alumini ina yake, silikoni ina yake, na magnesiamu ina yake. Kwa hiyo Jua ndilo linalogonga na jiwe ndilo linalojibu, na kila elementi hujibu kwa sauti yake isiyofanana na ya jirani.

Kifaa cha Apollo kilikuwa na vihesabio vitatu. Kimoja kiliachwa wazi, cha pili kilifunikwa kwa utando mwembamba wa alumini, na cha tatu kwa utando wa magnesiamu. Kila utando ulizuia baadhi ya miali na kupitisha mingine, na kwa kulinganisha hesabu za vihesabio hivyo wataalamu waliweza kuitenga sauti ya kila elementi. Tena kilikuwapo kihesabio kingine kilichoelekezwa kwenye Jua lenyewe, kwa sababu nguvu ya Jua hubadilika saa kwa saa, na asiyejua amegonga kwa nguvu kiasi gani hawezi kulipima jibu analopewa.

Matokeo yake yalikuwa makubwa, ingawa sehemu ya Mwezi iliyopimwa ilikuwa ndogo. Nyanda za juu, zile tunazoziona nyeupe usiku wa mbalamwezi, zilionekana kuwa na alumini nyingi. Mabonde meusi, ambayo wataalamu huyaita bahari ijapokuwa hayana hata tone la maji, yalikuwa na alumini haba na magnesiamu zaidi. Matokeo hayo yalikubaliana na wazo lililotokana na mawe yaliyoletwa na wanaanga: kwamba hapo zamani sana uso wa Mwezi ulikuwa bahari ya mawe yaliyoyeyuka, na madini mepesi yenye alumini yakaelea juu na kugandamana, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Mabonde meusi ni lava iliyobubujika baadaye na kutandaa juu ya ukoko huo.

Ipo pia njia ya pili. Yapo mawe ambayo hayangoji kugongwa, nayo ni yale yenye urani, thoriamu na potasiamu. Hayo hutoa yenyewe miali ya gama usiku na mchana. Warusi ndio waliotangulia kuitumia njia hii Mwezini, kwa chombo chao Luna 10 cha mwaka 1966, kilichokuwa cha kwanza kuuzunguka Mwezi. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, 1998 hadi 1999, chombo cha Kimarekani Lunar Prospector kiliupima Mwezi kwa miali ya gama na kwa nyutroni, kikaonyesha mahali thoriamu ilipokusanyika, na kikakuta dalili za hidrojeni nyingi penye ncha za Mwezi.

Njia ya tatu ni ile ya mvuvi wetu, yaani kusoma rangi. Kila madini hufyonza baadhi ya rangi za mwanga na kurudisha nyingine. Jicho la mtu huona rangi chache tu, bali vyombo huona na zile zilizo nje ya upeo wetu, kama miali ya infraredi. Kwa njia hii chombo cha India, Chandrayaan-1, kilichorushwa mwaka 2008 kikiwa kimebeba pia kifaa cha Kimarekani, kilionyesha alama za maji zilizonaswa katika udongo wa Mwezi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2009. Ikumbukwe kuwa India ilijitawala mwaka 1947, ikiwa na umaskini mkubwa na watu wasiojua kusoma kwa mamilioni. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo chake kingine kilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, na gari dogo lililoshushwa hapo likaupima udongo kwa karibu.

Nikipita haraka kwenye sayari nyingine, Utaridi ilizungukwa na chombo MESSENGER kuanzia mwaka 2011 hadi 2015. Eksirei zake zilionyesha chuma kidogo juu ya uso na salfa nyingi kuliko ilivyodhaniwa, na nadharia kadhaa za namna sayari hiyo ilivyoundwa zikalazimika kuandikwa upya. Kwa Zuhura, mawingu mazito yamefunika kila kitu. Chombo Magellan kilipenya kwa rada mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kutupa ramani ya milima na mabonde, lakini sura ya nchi si sawa na kujua mawe yake ni ya namna gani. Katika miezi ya Mshtarii, chombo Galileo kilisoma barafu na dalili za chumvi kwenye mwezi uitwao Europa.

Mirihi yastahili maneno zaidi, kwa kuwa ni jirani yetu kwa rangi. Wekundu wa Mirihi ni wekundu wa chuma kilichoshika kutu, ndugu wa wekundu wa udongo wa Muheza na wa miteremko ya Usambara. Hewa ya Mirihi, ingawa ni nyembamba, huzuia eksirei, kwa hiyo huko hutumika infraredi na gama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 chombo kilichokuwa kikiizunguka kiliona kwa infraredi alama ya hematiti, madini ya chuma ambayo mara nyingi hutokea penye maji, katika uwanda uitwao Meridiani. Wataalamu wakaamua kwamba hapo ndipo patumwe gari la uchunguzi. Januari 2004 gari hilo, Opportunity, lilitua, nalo likakuta ardhi imetapakaa vijiwe vya mviringo vyenye hematiti, vilivyoundwa zamani penye maji. Ramani iliyochorwa kutoka angani ilikuwa imesema kweli.

Ndugu Mwenyekiti, mfano huo unatufikisha kwenye onyo ambalo ni lazima liambatane na sifa zote nilizozitaja. Vyombo hivi huona ngozi tu. Eksirei hutoka katika unene usiofika hata milimita moja. Gama hutoka katika kina cha sentimita kadhaa. Nyutroni hueleza habari za kina kisichozidi mita moja hivi. Vumbi likiifunika miamba, ramani itakuwa ramani ya vumbi. Kwa sababu hiyo ramani ya angani haikamiliki bila jiwe lililoshikwa mkononi na kupimwa. Kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa na wanaanga wa Apollo kati ya mwaka 1969 na 1972 ndizo mizani ambayo ramani zote za Mwezi hupimiwa.

Na sisi tunalo jiwe letu. Kule Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, kimelala kimondo cha tani zipatazo 16, chenye chuma sehemu tisa katika kumi na sehemu kubwa ya iliyosalia ikiwa nikeli. Wenyeji walikijua kabla ya wakoloni kukiandika katika vitabu vyao. Vimondo vya namna hii hudhaniwa kuwa vipande vya viini vya sayari ndogo zilizovunjika zamani. Hivi sasa chombo kiitwacho Psyche, kilichorushwa Oktoba 2023, kiko safarini kuelekea kwenye sayari ndogo yenye jina hilo hilo, inayofikiriwa kuwa na chuma kingi, na kinatarajiwa kufika mwaka 2029. Kitaizunguka na kuipima kwa gama na nyutroni. Siku majibu yake yatakapotangazwa, mwalimu wa Kitanzania atakuwa na haki ya kuwaambia wanafunzi wake: jiwe la kulinganisha nalo, mojawapo liko kwetu.

Sasa naomba niulize swali ambalo najua baadhi yenu mnalo moyoni. Nchi yenye shule zilizopungukiwa madawati yahusikaje na udongo wa Utaridi?

Swali hilo ni la haki, na silikimbii. Jibu langu ni kwamba elimu inayoisoma Mirihi ndiyo hiyo hiyo inayoisoma Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipita juu ya nchi yetu kwa mistari, zikipima nguvu ya sumaku ya miamba na miali yake ya asili. Miali hiyo ni ya gama, kutoka katika potasiamu, urani na thoriamu, yaani njia ile ile ya Luna 10. Hapa pwani, katika Mkoa wetu wa Tanga, upo mchanga mzito mweusi wenye ilmenaiti, madini ya chuma na titaniamu. Ilmenaiti hiyo ndiyo iliyojaa katika mawe meusi ya bahari ya Mwezi walipotua wanaanga wa kwanza mwaka 1969. Anayejua kuitambua Mwezini hatashindwa kuitambua ufukweni.

Wala milango haijafungwa. Tangu mwaka 1975 kipo Nairobi kituo cha nchi zetu cha upimaji, ramani na picha za setilaiti, na Tanzania ni mwanachama wake. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo zamani ziliuzwa kwa bei ya kuwatoa watu jasho, Marekani iliamua mwaka 2008 zitolewe bure kwa mtu yeyote. Vipimo vya Mwezi, Mirihi na Utaridi nilivyovitaja navyo vimewekwa wazi katika hifadhi za wachunguzi wao. Hakuna anayetuzuia kuvisoma. Kinachoweza kutuzuia ni kutojua kuvisoma.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye ile setilaiti ya mwaka 1970. Bahari ilikuwa ya pwani yetu. Jina lilikuwa la lugha yetu. Lakini waliounda walikuwa wengine, waliorusha walikuwa wengine, na maarifa yaliyoshuka kutoka angani yalisomwa mbali na hapa. Silisemi hili kwa kulaumu. Waliotupa jina walitupa heshima. Nalisema kwa sababu jina peke yake halimfundishi mtu kitu. Uhuru kamili wa elimu ungalikuwapo kama katika zile hesabu zilizoshuka usiku na mchana, baadhi zingalisomwa na vijana wa Malindi, wa Mombasa, wa Tanga na wa Unguja.

Ramani, ndugu zangu, haiwi mali ya mtu kwa kuwa imechorwa juu ya nchi yake. Inakuwa mali ya yule anayejua kuisoma. Wakati wa ukoloni wataalamu wa miamba walizunguka katika vilima vyetu, na wenyeji waliwabebea mizigo na kuwaonyesha njia. Lakini walipoikunjua ramani mezani, mwenyeji alibaki nje ya mlango. Leo mlango u wazi, na itakuwa aibu kama tutabaki nje kwa hiari yetu wenyewe.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili tu. La kwanza ni kwenu walimu. Mnapofundisha mwanga, msiishie ubaoni. Wapelekeni wanafunzi ufukweni wayatazame maji pamoja na wavuvi, na wapelekeni Amboni wakaone jiwe la chokaa, kisha waulizwe: ungekuwa juu angani, ungeyatambuaje haya? Mtoto aliyejibu swali hilo kwa akili yake amekwisha kuanza kuisoma Mirihi. La pili ni kwenu watumishi wa Serikali. Ramani za miamba, za udongo na za maji zinapofika ofisini kwenu, msizifungie kabatini kwa kungoja mgeni aje kuzifasiri. Mtafuteni kijana aliyesomea kazi hiyo, mkae naye, mumuulize mpaka mwelewe, ndipo mwamue mahali pa kuchimba kisima au pa kupitisha barabara.

Mvuvi wa Sahare hakuzaliwa akijua rangi za maji. Alifundishwa na baba yake, siku baada ya siku, mpaka bahari ikawa kitabu chake. Nasi tuwafundishe wanetu vivyo hivyo, ili siku chombo kingine kitakaporuka kutoka pwani hii kikiwa na jina la lugha yetu, wawepo vijana wetu watakaokisikia kinasema nini.